MCA akigura chama katikati ya muhula: kiti kinabaki au kinaenda?

BarazaLaKahawa

Salamu wanajukwaa. Natafuta majibu ya watu wanaoijua sheria na wanaojua pia inavyotumika mitaani, kwa sababu kwenye baraza la kahawa kila mtu ana katiba yake.

Suala lenyewe: MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wa kaunti moja ya Pwani ya Kenya alichaguliwa 2022 kwa tiketi ya chama kikubwa. Sasa hawaelewani. Chama kimemtoa kwenye kamati, yeye naye anaonekana kwenye mikutano ya chama kingine, na 2027 anataka kugombea tena, ama kwa hicho chama kipya ama kama mgombea huru. Wazee wa wadi wanamshinikiza aandike barua ya kujiuzulu chama sasa hivi ili msimamo wake ujulikane. Vijana wake wanamwambia asiguse kalamu.

Maswali ni haya. Akiandika barua, kiti kimeenda? Asipoandika, chama kinaweza kumng'oa kwa sababu tu ya kuonekana na wengine? Na mbona magavana wanahama vyama mchana kweupe na hawaguswi?

---

MezaYaKarani

Asiandike barua. Vijana wako sahihi, ingawa labda kwa sababu wasiyoijua.

Ibara ya 194 ya Katiba ya Kenya inaorodhesha mambo yanayofanya kiti cha MCA kuwa wazi. Mojawapo ni hili: aliyechaguliwa kupitia chama akijiuzulu chama hicho, au akihesabiwa kuwa amejiuzulu kwa mujibu wa sheria, kiti kinakuwa wazi. Sheria inayotajwa ni ya Vyama vya Siasa ya 2011, kifungu cha 14. Wabunge na maseneta wana ibara yao, ya 103, na maneno ni yale yale.

Kifungu cha 14 kina milango miwili, na wengi huichanganya.

Mlango wa kwanza ni barua. Mwanachama anatoa notisi ya maandishi kwa chama au, kama ni MCA, kwa karani wa bunge la kaunti. Angalia hapa: kujiuzulu kunaanza kufanya kazi notisi inapopokelewa. Hakusubiri chama kikubali, wala kikao cha kamati kuu, wala tarehe uliyoiandika kichwani mwa barua. Ikishagongwa muhuri wa mapokezi, imekwisha. Ndani ya siku 7 Msajili wa Vyama vya Siasa anatakiwa kuarifiwa, na jina linatolewa kwenye orodha ya wanachama. Spika naye ana siku 21 za kuiandikia tume ya uchaguzi, IEBC, kwamba kiti kiko wazi. Kwa hiyo yule anayepeleka barua Jumatatu "kuwatisha" halafu Jumatano anataka kuiondoa, amechelewa siku mbili.

Huduma za Msajili siku hizi ziko pia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Unaweza kuangalia uko chama gani na unaweza kujitoa hapo hapo. Mwambieni asimwachie msaidizi simu na nywila yake aende "kumrekebishia uanachama". Kwa mwananchi wa kawaida ni kubonyeza tu; kwa MCA aliye kazini ni kubonyeza mshahara wake.

Mlango wa pili ni matendo. Sheria inasema mwanachama anahesabiwa amejiuzulu akiunda chama kingine, akishiriki kukiunda, akijiunga nacho, akipigia debe hadharani kuundwa kwa chama kingine, au akiendeleza itikadi, maslahi au sera za chama kingine. Hilo la mwisho ni pana sana, na ukilisoma peke yake nusu ya wabunge wa Kenya wangekuwa nyumbani. Wako kazini kwa sababu marekebisho yaliyofuata yaliweka sharti: kabla ya kumhesabu mtu kuwa amejiuzulu, chama lazima kimpe notisi na nafasi ya kusikilizwa kupitia utaratibu wake wa ndani. Hapo ndipo vyama hujikwaa.

Makosa ya vyama yanajirudia. Barua ya kumwita inamtaka afike kesho asubuhi. Mashtaka hayataji kifungu cha katiba ya chama kilichovunjwa. Kamati ya nidhamu imeundwa na watu ambao hawakuteuliwa kwa mujibu wa katiba hiyo hiyo. Au uamuzi unatangazwa kwa waandishi wa habari kabla mshtakiwa hajasikilizwa. Moja tu kati ya hayo linatosha kulifanya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa litupilie mbali uamuzi. Na Jopo likishamaliza kuna Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Muhula wenyewe ni wa miaka mitano, na wakili anayejua kazi anaweza kula sehemu kubwa yake.

Ushahidi nao hauna uzito mmoja. Picha amevaa fulana ya rangi fulani kwenye harambee ni dhaifu. Hotuba ya "huyu ndiye rais wangu" ni dhaifu vilevile, maana kumuunga mkono mtu si lazima kuwe kuunga mkono chama chake. Jina lake kuonekana kwenye orodha ya wanachama wa chama kingine kwa Msajili, au kwenye orodha ya maafisa wa chama, au sahihi yake kwenye fomu ya mchujo wa chama kingine, hayo ni mazito. Kwa hiyo akae mbali na karatasi.

Mtego mwingine ambao hauna uhusiano na chama kabisa: ibara hiyo hiyo ya 194 inamwondoa MCA anayekosa vikao 8 vya bunge bila ruhusa ya maandishi ya spika na bila maelezo ya kuridhisha. Aliyekosana na wenzake hupenda kususia. Asisusie. Aingie, atie sahihi, akae.

---

BarazaLaKahawa

Ahsante sana, MezaYaKarani. Na hili la kutolewa kwenye kamati, linaweza kupingwa?

---

MezaYaKarani

Kwa shida. Nafasi ya kamati ni ya chama, yeye ameazimwa. Kiranja wa chama anamwandikia spika chini ya kanuni za kudumu za bunge lake, na kinachoangaliwa ni kama utaratibu wa kanuni hizo umefuatwa. Haki ya kukaa kwenye kamati fulani haipo.

Tofauti ya nafasi za chama na nafasi za Bunge ilionekana wazi kwenye Seneti Mei 2020, chama tawala cha wakati huo, Jubilee, kilipokuwa kikisafisha nyumba. Kipchumba Murkomen alipoteza uongozi wa walio wengi kwa barua ya chama tu. Kithure Kindiki, aliyekuwa naibu spika, ilibidi apigiwe kura ukumbini, kwa sababu cheo hicho kinataka theluthi mbili ya wajumbe wote. Maseneta 54 wakaunga mkono aondolewe. Na wote wawili wakabaki maseneta. Vyeo viliondoka, viti vikabaki.

---

KayaFungo

Nijibu la magavana, kwa sababu mfano mzuri uko huku kwetu Kilifi.

Fungua ibara ya 182. Kiti cha gavana kinakuwa wazi akifariki, akijiuzulu kwa kumwandikia spika wa bunge la kaunti, akipoteza sifa za kugombea, akihukumiwa kwa kosa linaloweza kumpa kifungo cha miezi 12 au zaidi, au akiondolewa kwa hoja ya kumng'atua. Chama hakitajwi popote. Walioandika katiba waliifunga minyororo miguu ya mbunge na MCA, wakaiacha huru ya gavana. Sababu unaweza kuibishania: gavana ni mtendaji, hahesabiwi kwenye idadi ya walio wengi na wachache. Lakini matokeo yake ni kwamba gavana ana uhuru wa kujenga chama chake akiwa ofisini, na MCA anayemfuata hana.

Alfred Mutua alichaguliwa gavana wa Machakos 2013 kwa chama cha Wiper. Agosti 2016 akazindua Maendeleo Chap Chap akiwa bado gavana, na 2017 akarudi madarakani kwa chama hicho. Kama angekuwa MCA, kuzindua chama tu kungetosha kumfungulia kesi chini ya kifungu cha 14.

Sasa Amason Kingi. Aliingia Bungeni 2007 kwa chama cha ODM, eneo bunge la Bahari, akawa waziri katika serikali ya mseto, kisha gavana wa Kilifi 2013 na 2017, mihula yote miwili kwa ODM. Mzozo ulipokolea mwaka 2021 juu ya wazo la Pwani kuwa na chama chake, ODM ilimvua uenyekiti wa tawi la Kilifi na kumkabidhi Teddy Mwambire. Hapo ndipo uwezo wa chama ulipoishia. Kilichukua cheo cha chama, ugavana hakikuugusa. Kingi akasimama na Pamoja African Alliance, PAA, akiwa bado gavana.

Wengi hukumbuka kwamba alihama mara mbili, lakini ile ya pili ilikuwa ya namna nyingine. PAA kiliingia kwanza muungano wa Azimio wa Raila Odinga, halafu Mei 2022 kikaruka kwenda Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, miezi mitatu tu kabla ya kura. Hiyo ni hama ya chama kizima kutoka muungano, na sheria yake ni tofauti: kinachotazamwa ni mkataba wa muungano uliowekwa kwa Msajili, pamoja na masharti yake ya lini na vipi chama kinaweza kutoka. Mwanachama wa kawaida hagusi kitu. Hajakihama chama chake, chama ndicho kimehama naye ndani yake.

Mzozo wa hama hiyo haukuisha na uchaguzi. Oktoba 2022 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alihesabu wabunge 14 wa vyama vilivyotoka Azimio, PAA na Chap Chap vikiwemo, akawaweka upande wa Kenya Kwanza na kuutangaza kuwa ndio wengi. Tarehe 7 Februari 2025 Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo. Wabunge wenyewe hakuna aliyepoteza kiti.

Kwa Kingi binafsi biashara ililipa. Septemba 2022 akachaguliwa Spika wa Seneti. Kwa chama hesabu si tamu hivyo: PAA kilipata viti kama Rabai na Ganze, lakini ugavana wa Kilifi ulirudi ODM kupitia Gideon Mung'aro. Wafuasi walihama nusu nusu. Huyo MCA wenu aliangalie hilo kwa makini kuliko anavyoangalia sheria. Kilifi mtu anaweza kumpenda kiongozi na bado akapigia kura chungwa, alama ya ODM.

---

SautiYaViti

Naongeza kuhusu kufukuzwa, kwa sababu kuna uvumi kwamba "ukifukuzwa chama, kiti kimeenda". Inategemea umeingiaje.

Kwa aliyechaguliwa na wadi, ibara ya 194 inazungumzia kujiuzulu na kuhesabiwa amejiuzulu. Neno kufukuzwa halimo. Ndiyo maana mawakili wa vyama huandika "amejiuzulu kwa matendo yake" hata pale ambapo moyoni wanamfukuza. Kwa walioteuliwa kupitia orodha ya chama mambo ni mengine kabisa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Uchaguzi kinasema mtu wa orodha akifariki, akihama, akijiuzulu au akifukuzwa na chama, kiti anapewa anayefuata kwenye orodha wa jinsia ile ile. Hakuna uchaguzi mdogo, hakuna gharama kwa chama, hakuna hatari ya kushindwa. Kwa hiyo mteule ndiye mwenye shingo laini kuliko wote, na viongozi wa vyama wanalijua hilo. Akina mama walioteuliwa mabunge ya kaunti ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wengi wa wateule ni wao.

Hata hivyo si rahisi kama inavyosomeka. Isaac Mwaura, seneta mteule wa Jubilee, alifukuzwa 2021, Mei kiti kikatangazwa wazi, na mahakama ikasimamisha zoezi la kumwapisha mwingine. Kama seneta mteule tu anaweza kukinga, MCA aliyechaguliwa ana ngao nene zaidi.

Mfano wa waliochaguliwa: Aisha Jumwa wa Malindi. ODM iliidhinisha kumfukuza mapema 2019 kwa kumuunga mkono William Ruto. Akaenda kwenye Jopo na mahakamani, akabaki mbunge hadi muhula wake ulipoisha 2022, kisha akagombea ugavana kwa UDA, chama cha Ruto (akashindwa). Septemba 2023 ODM ikawatimua tena wengine, wakiwemo wabunge wa Lang'ata, Gem, Bondo na Suba Kusini pamoja na seneta wa Kisumu, kwa kosa la kufanya kazi na serikali. Kufikia Julai 2024 vigogo wa ODM wenyewe, John Mbadi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi, waliteuliwa mawaziri katika serikali hiyo hiyo. Wale waliotimuliwa walikuwa bado Bungeni, wamekaa.

Maoni yangu, na najua wengine watakataa: sheria hii inamwadhibu mkweli. Anayeandika barua na kusema wazi kwamba nimeondoka anapoteza kiti. Anayebaki na kadi mfukoni huku akifanya kazi ya wengine hapotezi kitu. Matokeo yake ndiyo haya, vyama vimejaa watu wasio na habari navyo.

---

UkumbiWaDodoma

Wakuu, naingia kutoka upande wa Tanzania, maana ukilinganisha unaona Kenya walau kuna chumba cha kupumua.

Ibara ya 71(1)(e) ya Katiba yetu inasema Mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo wakati alipochaguliwa au alipoteuliwa, anakoma kuwa Mbunge. Haisemi "akijiuzulu" wala "akihesabiwa amejiuzulu". Inasema *akiacha kuwa mwanachama*, kwa njia yoyote. Kufukuzwa kumo humo ndani. Diwani naye ni hivyo hivyo. Mgombea binafsi hatuna. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Juni 2013, kwenye shauri la Mchungaji Mtikila na wenzake, kwamba katazo hilo linakiuka haki, lakini bado huwezi kugombea bila kudhaminiwa na chama. Kwa hiyo ukitoka chama kimoja lazima uingie kingine, hakuna varanda ya kusubiria.

Ndiyo maana kwetu anayehama katikati ya muhula hujiuzulu kiti na chama kwa pamoja, halafu anarudi kugombea kiti kile kile kwenye uchaguzi mdogo kwa chama kipya. Mtindo huo ulishamiri 2017 na 2018, wakati ule wa "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli. Maulid Mtulia wa Kinondoni alitoka CUF, Dk. Godwin Mollel wa Siha akatoka Chadema. Wote waliingia CCM, uchaguzi mdogo ukafanyika 17 Februari 2018 na wote wakarudi Bungeni. Septemba 2018 ikawa zamu ya Mwita Waitara wa Ukonga na Julius Kalanga wa Monduli, matokeo yale yale. Kabla ya hapo, tarehe 26 Novemba 2017, kata 43 zilikuwa na uchaguzi mdogo wa madiwani, na baadhi ya nafasi hizo ziliachwa na wahamaji. Gharama ya uchaguzi mdogo hailipwi na anayehama. Inalipwa na mimi na wewe.

Anayehama kutoka chama tawala kwenda upinzani hajawahi kupata njia laini hivyo. Lazaro Nyalandu alitoka CCM Oktoba 2017, akaacha ubunge wa Singida Kaskazini, CCM wakakirudisha kiti Januari 2018. Yeye mwenyewe alirudi CCM 2021. Hata Edward Lowassa, aliyepata karibu asilimia 40 ya kura za urais 2015 kwa Chadema, alirudi Machi 2019.

Na isije ikadhaniwa kwamba ibara ya 71 inajitekeleza yenyewe. Novemba 2020 Kamati Kuu ya Chadema iliwafukuza wanachama 19, Halima Mdee akiwa kinara, kwa kuapishwa wabunge wa viti maalumu bila baraka za chama. Kwa maneno ya katiba walipaswa kuondoka siku ile. Walikata rufaa ndani ya chama, kisha wakaenda mahakamani, na Spika akaendelea kuwatambua. Walikaa hadi muhula ulipoisha 2025. Somo kwa jirani: usisome sheria tu, soma pia spika ni wa nani.

---

KaskaziniCarolina

Kwa kuwa swali ni la siasa za ngazi ya chini ya taifa, tazameni mabunge ya majimbo ya Marekani, ambako haya yote hayapo. Kiti ni cha mtu. Mbunge wa jimbo akiamka asubuhi akatangaza amehama, anabadilisha usajili wake wa mpiga kura na kuhamia upande wa pili wa ukumbi. Chama alichokiacha hakina pa kumshtakia. Kinaweza kulalamika tu.

Tricia Cotham alichaguliwa Novemba 2022 kwa Democratic kwenye bunge la North Carolina, eneo la Charlotte. Tarehe 5 Aprili 2023 akatangaza ameingia Republican. Mtu mmoja, lakini hesabu ikageuka: Republican wakafikisha viti 72 kati ya 120, yaani zile tatu ya tano zinazohitajika kutengua kura ya turufu ya gavana. Mei 16 wakaitumia, na sheria ya kubana utoaji mimba baada ya wiki 12 ikapita bila idhini ya gavana Roy Cooper. Waliompigia kura kwa ahadi ya kinyume chake hawakuwa na la kufanya hadi 2024. Na 2024 akashinda tena, kwa kura chache sana, kwenye eneo jipya lililochorwa na chama chake kipya.

Mesha Mainor wa Georgia alihama vivyo hivyo Julai 2023. Yeye alibaki na eneo la Atlanta lililojaa wapiga kura wa Democratic, na 2024 akashindwa. Ukitaka kujua hama itaishaje huku, uliza nani anachora ramani.

Kilichopo badala ya adhabu ya kiti ni vizuizi vya muda wa kugombea. North Carolina anayetaka kuingia mchujo wa chama lazima awe amesajiliwa nacho siku 90 kabla ya kuwasilisha fomu. Florida ni siku 365 kabla ya muda wa fomu kuanza, na anayegombea bila chama naye lazima awe hajasajiliwa na chama chochote kwa muda huo. Jason Pizzo, aliyekuwa kiongozi wa Democratic kwenye seneti ya Florida, alijitoa chama Aprili 2025 akiwa na nia ya kugombea ugavana 2026 bila chama. Ihesabu miezi utaona kwa nini hakungoja. Useneta wake wa jimbo aliendelea nao.

SautiYaViti anasema sheria ya Kenya inamwadhibu mkweli. Sawa, lakini huku mpiga kura ndiye anayebeba adhabu.

---

MezaYaKarani

Turudi kwa MCA wetu, maana hajajibiwa lini aondoke.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, hivyo 10 Agosti 2027. Hesabu zirudi nyuma kutoka hapo.

Akitaka kugombea kwa chama kipya: kifungu cha 28 cha Sheria ya Uchaguzi kinataka chama kiwasilishe IEBC orodha ya wanachama angalau siku 120 kabla ya uchaguzi. Kwa hesabu ya kalenda hiyo ni 12 Aprili 2027. Lakini IEBC hutoa ratiba yake kwenye gazeti rasmi la serikali, na tarehe ya ratiba ndiyo inayofuatwa. Inaweza kuwa mapema zaidi. Chama kipya nacho kina ratiba yake ya mchujo. Akifika siku ya mwisho, jina lake likakosekana kwenye orodha kwa sababu chama cha zamani bado kinaonyesha ni wake, hana tiketi.

Akitaka kuwa mgombea huru: ibara ya 85 inataka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Hiyo ni 10 Mei 2027. Kwa wadi anahitaji pia kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Wakusanywe 700, kwa sababu wengine hukutwa wamesajiliwa wadi jirani.

Na akishinda kama huru, ajue amejifunga upya. Mwenye kiti huru akijiunga na chama, kiti kinakuwa wazi. Feisal Bader alishinda uchaguzi mdogo wa Msambweni Desemba 2020 akiwa huru, na alisubiri uchaguzi wa 2022 ndipo akagombea kwa UDA.

Mtu asimdanganye kwamba anaweza kujiuzulu leo na kurudi kwenye uchaguzi mdogo kama mgombea huru. Kwa kiti cha mbunge uchaguzi mdogo unatakiwa ndani ya siku 90, na sharti la ibara ya 85 ni miezi mitatu bila chama. Hesabu haifungi. Kwa MCA pia sioni itakavyofunga.

Sasa, kati ya kuondoka chama Machi au Aprili 2027 na kura ya Agosti kuna miezi kadhaa ambayo kisheria kiti chake kiko hatarini. Hilo halikwepeki. Kiuhalisia chama kikianza kumfuata wakati huo, kwa notisi, usikilizaji, Jopo na rufaa, mabunge ya kaunti yatakuwa yamefika mwisho wa muhula kabla hawajamaliza. Akitoka kwa barua, hata hivyo, hakuna usikilizaji unaohitajika, na spika mwenye chuki anaweza kutangaza kiti wazi wiki ile ile. Afanye hesabu ya mishahara ya miezi minne akijua inaweza kwenda.

Kazi ya wiki hii ni moja. Aingie eCitizen yeye mwenyewe, aangalie Msajili anamwonyesha yuko chama gani. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia, na MCA ambaye jina lake limeingizwa chama kingine na mtu mwingine anampa adui ushahidi mzito bila kujua. Akikuta kosa, aandike malalamiko kwa Msajili leo, aweke nakala yenye muhuri na tarehe. Nakala mbili, moja kwa wakili.

---

BarazaLaKahawa

Nimeielewa. Hiyo ya eCitizen tutaangalia leo jioni, na ile barua waliyokuwa wamemwandikia wazee nitaichukua mimi.

---

SautiYaViti

Ichukue kabla haijapigwa picha. Ikifika WhatsApp ya wadi ikiwa na sahihi yake, chama kitasema kimeipokea.